Baada ya Shaba Kuliwa

Bodi ya saketi ikishatolewa kwenye dawa na kusuuzwa, fundi wa kawaida huona kazi imekwisha. Njia za shaba zimebaki palepale zilipochorwa, shaba isiyotakiwa imeondoka, na macho yote yanahamia kwenye kutoboa matundu na kuchoma risasi. Ile iliyoondoka haiulizwi. Nayo haikupotea: imo kwenye beseni, imeyeyuka ndani ya maji mazito ya kijani, na kuanzia hapo inamsubiri mtu aamue iende wapi.

Tabata, Dar es Salaam, yupo mama mmoja mstaafu, aliyefundisha shule ya ufundi, ambaye kwake hapo ndipo sehemu ngumu ya kazi inapoanza. Mtaa mzima humwita Mwalimu. Hutengeneza nyumbani vidhibiti joto vya mashine za kutotolesha vifaranga, na bodi zake huzichora na kuzitia dawa mwenyewe, uani, chini ya kibanda cha mabati kisicho na kuta. Nimekaa kwenye kigoda kibandani humo nikimtazama akishughulikia mabaki ya dawa hiyo, shughuli inayokula wiki kadhaa tangu mwanzo hadi mwisho. Bodi zake ni nzuri na zinasifiwa na wafugaji. Mimi naona ufundi wake mkubwa zaidi uko kwenye mabaki.

Dawa yenyewe ni feriki kloraidi. Huuzwa ikiwa mabonge ya manjano yaliyokolea, yenye unyevunyevu, na Mwalimu huyeyusha gramu 500 katika lita moja ya maji. Hutia mabonge kwenye maji, kidogo kidogo. Hamimini maji juu ya mabonge, kwa kuwa mchanganyiko hupata joto na mvuke wake huchoma pua. Njia anazotaka zibaki huwa amezikinga kwa wino usiofutika, na pale penye eneo pana hupaka rangi ya kucha. Bodi ikizama, chuma kilichomo kwenye dawa huinyang'anya shaba elektroni zake, na shaba iliyonyang'anywa haiwezi tena kubaki metali. Inageuka kloraidi na kuingia majini. Utando wa shaba kwenye bodi za kawaida una unene wa maikromita 35. Huo ni wembamba ambao jicho halioni, lakini bodi ya sentimita 10 kwa 10 hubeba takriban gramu 3 za shaba upande mmoja. Kwa hesabu ya kemia, zile gramu 500 za mabonge zinaweza kula shaba inayokaribia gramu 59. Bodi baada ya bodi, beseni linakusanya.

Wengi hulimwaga karoni. Mwalimu ana mjukuu wa kiume anayemsaidia siku za mapumziko, na kijana huyo aliwahi kupendekeza hivyohivyo mbele yangu: "Bibi, si tumwage tu humu?" Bibi yake akamjibu kwa utani wa kwao pwani: "Karo halimezi kitu, mume wangu. Linapitisha tu." Kisha akamwonesha ukuta wa nyuma, na ng'ambo yake bonde.

Alichokuwa akimwonesha ni njia ya shaba hiyo. Nyumba nyingi za Dar es Salaam hazijaunganishwa na mabomba ya majitaka, zina mashimo. Ndani ya shimo wamo bakteria wanaofanya kazi ya kuozesha, na shaba huwaua. Ikitoka shimoni hunywea udongoni, ardhi ambamo watu wamechimba visima. Mvua kubwa zikija, yaliyo juu na yaliyo chini huelekea mto Msimbazi, unaoanzia vilima vya Pugu na kumalizikia Bahari ya Hindi karibu na daraja la Salender, na njiani humo watu hulima mchicha na matembele kwa maji ya mto huo. Samaki huathirika kwa shaba kidogo sana, kwa kuwa huwashika kwenye mashavu wanayopumulia. Na shaba haiozi. Sumu nyingine huvunjika zikapotea kwa jua na vijidudu. Hii ni elementi, itakuwa shaba mwaka huu na miaka mia ijayo. Kuimwaga ni kuihamisha tu. Ndiyo maana kazi nzima ya Mwalimu inalenga jambo moja: kuitoa shaba majini na kuirudisha kwenye hali ya kitu kigumu, kinachoshikika, kinachoweza kufungwa na kuandikwa jina.

Hatua ya kwanza ni kutoiwahi dawa. Analo daftari la kurasa za mistari, na humo huandika kila bodi ilichukua dakika ngapi. Dawa mpya, ikipashwa hadi nyuzi 40 au 50, hula bodi ndogo kwa dakika kumi na tano hadi ishirini. Huipasha bila moto, kwa kuliweka beseni la plastiki ndani ya beseni kubwa la maji ya moto. Wiki zinavyopita dakika zinaongezeka, na rangi inaondoka kwenye hudhurungi kuelekea kijani cha zeituni. Bodi ikifika saa nzima bado ina madoa ya shaba, na dawa ni ya uvuguvugu, huandika mstari chini ya ukurasa. Imechoka. Fundi mwenye pupa angeitupa nusu ya safari, na kila dawa inayotupwa mapema ni ndoo nyingine ya taka.

Iliyochoka huiweka kwenye dumu nene la plastiki. Chuma hakifai, wala alumini. Dawa ingekula chombo chenyewe. Kizibo kina kitundu cha ncha ya sindano ili gesi ipate pa kutokea. Juu ya dumu ameandika SUMU kwa rangi nyekundu na kuchora fuvu, kwa ajili ya asiyejua kusoma, na dumu limesimama ndani ya beseni litakalopokea likivuja, ndani ya kasha lenye kufuli. Chupa iliyowahi kuwa ya soda au ya maji ya kunywa haikanyagi kibanda hiki. Juu ya hilo Mwalimu hana utani na mtu.

Masika haigusi kazi hii. Husubiri kipupwe, anga ikiwa kavu na upepo ukipita kibandani. Siku ikifika huvaa glovu ndefu za mpira, miwani ya kinga inayoziba pembeni, aproni ya plastiki, na chini yake gauni kuukuu, kwa sababu doa la feriki kloraidi halitoki kwa sabuni yoyote. Ndoo ya maji safi husimama pembeni, tayari kwa ngozi au jicho. Kuku hufungiwa. Mtoto mdogo wa jirani hurudishwa kwao kwa upole.

Anaanza kwa kuzimua. Lita moja ya dawa iliyochoka huimimina polepole katika lita tano za maji, na maji hayo hayatoki bombani: ni maji aliyosuuzia bodi miezi yote hiyo, aliyoyahifadhi kwenye dumu lake la pembeni. Nayo yana shaba. Mafundi wanaojali beseni husahau maji ya kusuuzia, na nilipoona dumu hilo la pili nilielewa nimekaa karibu na mtu wa aina gani.

Kisha misumari. Ni ya chuma kitupu, iliyong'olewa kwenye mbao za zamani, nusu kilo hivi, imeoshwa mafuta na kusuguliwa msasa hadi inang'aa. Huichambua mmoja mmoja. Wenye rangi ya fedha iliyopauka, uliopakwa zinki, huutupa pembeni, maana zinki ingeyeyuka na kuongeza sumu nyingine katika maji anayotaka kuyasafisha. Vipande vya sufuria havikaribishwi kabisa: alumini na dawa hii hushikana kwa hasira, maji yanachemka na kuruka, na haidrojeni inafuka kwa wingi. Misumari iliyofaulu huingia kwenye mfuko wa wavu wa plastiki, ule wa kuuzia vitunguu, na mfuko huning'inizwa ndani ya ndoo kwa kamba ya nailoni iliyofungwa kwenye fito.

Kinachofuata ni polepole, na ndicho nilichokipenda kuliko vyote. Mwanzoni chuma cha misumari kinatuliza nguvu ya dawa iliyobaki. Vipovu vidogo vya haidrojeni hupanda, ndiyo maana ndoo haifunikwi kwa kizibo na hakuna jiko wala sigara karibu. Halafu shaba inaanza kurudi. Chuma huingia majini na shaba hutoka, chembe kwa chembe, ikitua juu ya msumari. Ndani ya dakika chache mng'ao wa msumari unafifia. Ndani ya saa moja umevaa wekundu. Kesho yake umefunikwa na tope jekundu laini linalodondoka mfuko ukitikiswa. Mbinu hii ina umri mrefu. Wachina wa enzi ya Song waliitumia kupata shaba, na migodi ya Rio Tinto huko Hispania na Parys Mountain huko Wales iliyapitisha maji yake ya buluu juu ya vyuma chakavu kwa sababu hiyohiyo. Wao walitafuta faida. Hapa Tabata faida ni gramu 30 au 40 za unga.

Kila asubuhi na kila jioni Mwalimu hushika kamba na kuutikisa mfuko mara kadhaa, bila kurusha maji. Akiacha, tope la shaba huufunika msumari wote na chuma cha ndani hakipati njia ya kufika majini. Hufanya hivyo kabla ya chai na kabla ya magharibi. Maji yanaondoka kwenye kijani cha zeituni na kuelekea kijani hafifu sana, kisafi. Hapo huchukua msumari mpya, husugua msasa hadi unang'aa, hufunga uzi, huuzamisha na kutazama saa. Ukitoka na wekundu, hata kivuli tu, mfuko unarudi na siku nyingine inaongezwa. Nilimwona akiutoa msumari ambao mimi ningeapa ni wa kijivu. Aliupeleka kwenye mwanga, akaugeuza, akaonesha kwa kidole chenye glovu mstari mwembamba wa rangi ya waridi chini ya kichwa chake. Mfuko ukarudi ndoni.

Msumari ukitoka wa kijivu mtupu baada ya saa nzima, misumari huondolewa na maji humiminwa taratibu kwenye ndoo ya lita 20, tope jekundu likiachwa chini. Tope hilo huoshwa kwa maji kidogo, mara tatu au nne, na maji ya kuoshea hurudi ndoni. Uoshaji huo una sababu: kloraidi ikibaki ndani yake, unga hugeuka kijani ukikauka. Ukioshwa vizuri hubaki mwekundu uliokolea, na huhifadhiwa kwenye kichupa cha kioo chenye jina.

Fundi mwingine angeridhika hapa, kwa kuwa shaba karibu yote imetoka. Lakini maji bado ni ya asidi, yamejaa chuma, na shaba kidogo isiyoonekana kwa msumari imo bado. Sasa ni zamu ya magadi.

Magadi haya ni yaleyale ya sokoni, mabonge ya kijivu yanayolainisha maharage na makande na kuupa mlenda utelezi wake. Asili yake ni maziwa ya Bonde la Ufa, Ziwa Magadi upande wa Kenya na Ziwa Natron upande wetu, ambako maji hukauka juani na kuacha mwamba wa chumvi ambao wanakemia huuita trona. Ndani yake kuna soda za aina mbili zilizoungana, karbonati na baikarbonati, na zote hutuliza asidi. Mwalimu amepiga hesabu kwa chaki kwenye ukuta wa nyuma: mabonge gramu 500 ya dawa yanahitaji magadi safi gramu 418. Ya sokoni si safi, yana mchanga na chumvi ya kawaida, kwa hiyo hupima gramu 500 na kuweka nyingine akiba.

Huyaponda kwenye kinu cha zamani ambacho hakirudi tena jikoni, huyaloweka kwenye lita nne za maji ya uvuguvugu, hukoroga, huacha mchanga utue, kisha huchuja. Nilimuuliza kwa nini hatii bonge zima moja kwa moja. Akanieleza kwamba bonge huzama, linavikwa ganda la kutu, linajifanya limelala, halafu mwiko ukilivunja povu lote linatoka kwa mpigo. Maji ya magadi hayana uficho huo.

Anayatia kwa kikombe kidogo cha plastiki, akizungusha mkono ili yaenee, kisha anangoja. Maji yanavuma chini kwa chini, na povu linapanda ukutani mwa ndoo kama uji unaotaka kufurika. Ni gesi ya kaboni dayoksaidi, isiyo na harufu, na kazi yote inaweza kutoa makumi ya lita za gesi hiyo. Ndiyo sababu ya ndoo kubwa iliyojaa nusu tu, na ya kibanda kisicho na kuta. Povu likishuka, anakoroga kwa mwiko wa plastiki mpaka chini. Kikombe cha pili. Anangoja. Mjukuu alitaka kuongeza kabla povu halijatulia, na bibi yake akauweka mkono juu ya kikombe bila kusema neno.

Rangi ndizo humwambia amefika wapi. Kwanza huonekana mawingu ya hudhurungi: ni chuma kidogo ambacho hewa imekirudishia nguvu ya dawa, nacho huwa cha kwanza kuganda, maji yakiwa bado ya asidi. Vikombe vinavyofuata huleta uzito wa kijivu na kijani, chuma kile kilichotoka kwenye misumari. Hapo mwiko unaanza kuwa mzito. Kila baada ya vikombe vichache huchovya karatasi ya kupimia na kuilinganisha na rangi za kwenye kasha lake: 3, kisha 5, kisha 6 kwa muda mrefu. Anatafuta kati ya 8 na 9, kiwango ambacho chuma na shaba vyote viwili huwa vimeganda kadiri inavyowezekana. Akifika 8 anasimama. Hapitilizi kwa kudhani kwamba zaidi ni salama zaidi. Karbonati ikizidi mno huweza kuishika shaba na kuirudisha majini, na maji yakarudi na ubuluu. Amonia inafanya hivyo kwa nguvu zaidi, kwa hiyo haitumiki kabisa. Na dawa ya kung'arishia nguo nyeupe, ile yenye klorini, huwekwa mbali kabisa na kibanda siku hiyo, kwa kuwa ikikutana na asidi hutoa gesi inayoweza kuua.

Unaweza kudhani amemaliza. Kesho yake asubuhi anarudi na karatasi, na karatasi inasema 6.

Hakuna kilichoharibika. Chuma cha kijani, kikikutana na hewa, hugeuka kutu, na kikigeuka huachia asidi kidogo. Ukitazama uso wa ndoo unaona jambo hilo likitendeka: juu pamefanya utando wa rangi ya chungwa, chini bado ni kijani cheusi. Mwalimu hukoroga ili chini ipande na hewa iingie, huongeza magadi nusu kikombe, hupima, huondoka. Jioni tena. Siku inayofuata tena. Aliyepima mara moja na kumwaga angemwaga maji yaliyokuwa yakirudi kwenye asidi nyuma ya mgongo wake. Utando wa chungwa unashuka siku hadi siku, mpaka ndoo nzima ni ya rangi moja ya kutu, na karatasi inasema 8 asubuhi, 8 jioni, 8 asubuhi tena.

Kutu hiyo ina kazi ya ziada. Chembe zake ni nyepesi na zina uso mpana, na zinapoganda hunasa shaba iliyosalia na kushuka nayo. Mitambo ya kusafisha maji hutumia tabia hiyohiyo ya chuma. Mwalimu anaijua, na ndiyo maana haoni taabu kuikoroga siku zote hizo.

Kisha ndoo haiguswi. Hufunikwa kwa kitambaa na kuachwa siku mbili, tatu, nne, kadiri itakavyotaka. Mashapo yanashuka, na juu yake maji yanakuwa angavu. Huyavuta kwa mpira mwembamba aliojaza maji kwanza, kamwe si kwa mdomo, ncha yake ikiwa imefungwa kwenye kijiti ili isikaribie tope. Vidole viwili vinaubana mpira, vikiachia kidogo na kubana. Tope likianza kuinuka, hata uzi mmoja wa hudhurungi, vidole hufunga, na anakubali kuacha maji ya kina cha vidole vitatu. Tope linalobaki huoshwa kwa maji safi, huachwa litue tena, na maji yake huvutwa tena. Mwishowe tope humiminwa kwenye kitambaa cha marekani kilichokunjwa mara mbili na kufungwa juu ya ndoo tupu, linachuruzika usiku kucha.

Sasa yapo maji, angavu na yasiyo na rangi. Hapa ndipo nilipomheshimu zaidi, kwa sababu macho yangu yalikuwa yameshatosheka. Hayamwagi. Kuwa angavu hakutoshi, asema, na yuko sahihi: shaba inayodhuru samaki ni kidogo kuliko inayoonekana. Isitoshe, maji hayo yana chumvi nyingi, na magadi ya asili hubeba floraidi, ileile inayotia meno madoa ya kahawia katika sehemu za Arusha na Kilimanjaro. Humimina kwenye masinia mapana ya plastiki, kina cha vidole viwili, huyapanga juani juu ya meza, na kuyafunika kwa fremu ya chandarua ili kuku, paka na watoto wasifike. Kipupwe hufanya kazi yake. Kila jioni masinia huingia ndani, kila asubuhi hutoka, na siku ya mwisho huwa na ganda la chumvi, ambalo hukwanguliwa kwa kipande cha plastiki na kutiwa kwenye kopo lenye kifuniko.

Tope la kwenye marekani haliachwi likauke hadi kuwa vumbi, kwani vumbi huingia mapafuni. Likiwa bado laini huchanganywa na saruji, saruji ikiwa nyingi kuliko tope, ndani ya kopo la rangi lililokwisha. Saruji ina tabia ya magadi, inaiweka shaba katika hali isiyopenda kuyeyuka, na ikishika inaifunga ndani. Kabla haijakauka Mwalimu huandika juu yake kwa msumari: mwezi, mwaka, shaba na chuma. Kitambaa huingia humohumo. Kipande hicho hakijengei ukuta wala hakitupwi jalalani. Hukaa kashani pamoja na kopo la chumvi, na vikifika vya kutosha yeye na mafundi wawili wa jirani huchanga gharama na kumkabidhi mbebaji wa taka hatarishi mwenye kibali, kwa utaratibu uliowekwa chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004. Hutaka risiti, na risiti hubandikwa kwenye daftari lile la dakika.

Kinachobaki ni kuosha vyombo. Mwiko, kikombe, mpira, ndoo zote mbili na masinia husuuzwa kwa maji machache iwezekanavyo, kimoja baada ya kingine katika beseni moja, kuanzia kisafi zaidi hadi kichafu zaidi ili maji yaleyale yatoshe. Glovu huoshwa zikiwa mkononi, kisha huvuliwa kwa kugeuzwa nje ndani. Maji hayo ya mwisho, ya rangi ya kutu hafifu, humiminwa kwenye dumu la pembeni, lile la maji ya kusuuzia bodi, yawe ya kuzimulia dawa itakayochoka.